Kifaransa Nilichobandikwa Kwenye CV

Jamani, naona aibu hata kusimulia, lakini hasira imezidi aibu, acha niseme. Nina stashahada ya hoteli, na nilikuwa nimekaa bila kazi mpaka dada yangu wa Kijenge, ninayeishi kwake, akaanza kufunga milango kwa kishindo. Basi nikaenda kwa Godi, kijana wa steshenari ya mtaani kwetu anayechapa na kutuma CV za watu, nikamwambia, "Kaka, ing'arishe kidogo, halafu itume kwa kampuni zote za utalii unazozijua." Nikaondoka bila kuisoma. (Nani anasoma CV yake mwenyewe? Maisha yangu si nayajua!)

Haukupita muda nikaitwa usaili kwenye kampuni moja kule Elerai. Mama akaniombea kwenye simu kutoka kijijini Nkoaranga mpaka sauti ikamkauka, dada akaniazima viatu vyake vya ibada, vinabana hivyo hivyo, nikaenda. Namwamkia meneja, mama wa makamo, "Shikamoo mama," naye huyo kanishika mkono, "Marahaba, afadhali umefika! Wewe si ndiye wa Kifaransa? Hebu nisaidie hawa wageni."

Kifaransa gani?

Pale mapokezi wameketi wazungu wawili, mzee na mkewe, na madereva kibao wanatazama. Sasa badala ya kusema sijui, mimi na shida yangu ya kazi nikatabasamu, nikasema, "Bonjuu." Yule bibi akafunguka kama bomba la maji, anauliza hiki, anauliza kile, nami naitikia kwa kichwa, "Wii, wii" (neno la pili na la mwisho nililokuwa nalo), na kila nikisema wii anazidi kubadilika rangi, mwishowe akaangua kilio.

"Anasema nini?" meneja akauliza.

"Anashukuru... kwa mapokezi."

Dereva mmoja anayeelewa Kifaransa kidogo akashindwa kuvumilia. "Mama, wanauliza kama safari yao imefutwa, dada kajibu ndiyo. Wanauliza kama watarudi kwao bila kuona hata twiga, kajibu ndiyo!"

Kicheko kilichopasuka pale! Meneja akanisukumia CV yangu: Kifaransa, fasaha. Tena eti nimefanya kazi Zanzibar, mimi ambaye bahari sijawahi kuiona!

Nikamfuata Godi moja kwa moja. Hakuacha hata kuchapa. "Dada, si ulisema niing'arishe? Mbona Kifaransa nawawekea wote."

Wote! Yaani mji mzima umejaa Wafaransa wa Godi, na bado hana haya!

Nikamkalia pale pale mbele ya wateja wake mpaka akatuma CV ya kweli kwa kila kampuni, juu yake nimeandika samahani. Kazi bado natafuta. Ila sasa CV yangu ni fupi mpaka inatia huruma, nimeiandika mwenyewe, na hakuna mtu atakayenipamba tena wakati mimi nipo hai na nina macho ya kusoma.