Tangi Lililochukuliwa Msibani

Wanaosema pikipiki yangu ni skrepa hawajawahi kuisikia ikipanda mlima. Ni ya Kijapani, ya zamani, ya zile za kuchanganya oili kwenye petroli, na ikinguruma utadhani mashine ya kukoboa. Nilikuwa nesi wa chanjo Ruangwa, na kwa miaka kumi na minane ilinipeleka Malolo, Chunyu na Nambilanje, masika na kiangazi. Suruali ndani, gauni juu, mtandio chini ya helmeti. Wanaume sokoni waliacha kupima ufuta wao ili wanitazame nikipita, na mimi niliongeza mwendo kidogo, Mungu anisamehe.

Nyuma yangu alikaa mhudumu wetu wa zahanati, mwanamke wa Nambilanje, amekipakata kikasha cha chanjo. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa asiyetoka kwetu, niseme hivi: mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukuchukulia kitu chako, hata kukucheka msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unacheka, unakikomboa kitu chako kwa kuku au kwa chochote ulicho nacho, mnaendelea kuishi.

Basi mtani wangu alinitukana tangu tunatoka Ruangwa mpaka tunafika. "Taratibu, kichwa maji wee, umebeba binadamu huku nyuma!" Nami nilimjibu kwamba ningekuwa nimebeba binadamu, ningepunguza mwendo. Tulikwama kwenye matope pamoja, tukalala kwa watu tusiowajua, tukachangia muhogo mmoja wa kuchoma. Mwaka niliostaafu, serikali iliipiga mnada ile pikipiki, nikainunua kwa fedha yangu. Tukaendelea kuzunguka nayo, safari hii kwenye harusi na unyago.

Kisha mume wangu akafariki. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amelifungua tangi la pikipiki ili alipeleke kwa fundi wa kuchomelea akalizibe tundu, likabaki barazani kwetu hapa Nachingwea. Siku ya mazishi watani walikuja, kama ilivyo ada. Mtani wangu akalitwaa tangi, akajitwika, akazunguka nalo uani akiimba kwamba marehemu kamwachia urithi, kufa kufaana, na huyu mjane wenu sasa hana pa kwenda, tumeshamkata miguu. Watu wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Ndiyo kazi ya mtani, kuwafanya wafiwa wapumue.

Mimi nilitoka ndani kama nilivyo, kichwa wazi. "Toka kwangu! Huna haya, huna dini! Mume wangu hata udongo haujamkaukia, wewe unacheza ngoma? Nisikuone tena hapa!"

Mtani wangu alinitazama, akageuka, akaondoka na tangi kichwani, na hakuna aliyemsindikiza. Mama zangu wadogo waliniambia nipeleke kuku mapema, mtani hakasirikiwi, nimevunja jambo lisilovunjwa. Nikasema ng'o, yeye ndiye aje. Hasira zangu nazijua mwenyewe, huja mbio, kuondoka huvuta miguu. Ikapita miaka kumi na moja.

Mwaka huu nimetimiza sitini na minane. Siku moja niliingia stoo hapa nyumbani Nachingwea, nikakuta kuku ameangulia vifaranga kwenye kiti cha pikipiki na panya wametafuna nyaya zote. Niliona aibu, wallahi, kama vile nimemkuta mzee wangu analala njaa. Kijana wangu aliye Dar nilipompigia alisema, "Mama, hiyo si uuze tu skrepa?" Nikamwambia skrepa ni wewe, nikakata simu, nikaisukuma pikipiki nje.

Injini ilikuwa imenata. Nilimimina dizeli kwenye tundu la plagi nikaiacha inywe, na kila asubuhi baada ya sala nikawa nakanyaga kiki. Siku ya tisa ikashuka kidogo, nusu ya kidole tu, nikapiga kigelegele peke yangu uani. Nilimwita fundi mmoja wa mjini, mtu mzima mwenye subira, maana kijana tungegombana. Bloku ikaenda kuchongwa Masasi. Pistoni ikaagizwa Dar, ikaja si saizi yake, ikarudishwa, ikaja nyingine. Spoku za magurudumu nilizisugua kwa msasa moja moja. Kabureta nilimkataza fundi asiiguse, vitundu vyake nikavizibua mwenyewe kwa sindano nyembamba, maana mkono uliochanja watoto wa vijiji vitatu haujasahau kazi. Fundi alikaa kwenye ndoo akanitazama, mwisho akasema, "Mama, ungekuja gereji zamani, mimi ningekosa kazi." Maneno hayo niliyarudia kwa kila jirani.

Siku ya kuiwasha, kwa kuwa tangi halikuwepo, fundi alining'iniza chupa ya petroli juu ya usukani, mpira ukashuka mpaka kwenye kabureta. Kiki ya tatu ikaitika. Moshi ulijaa uani, na mimi nilisimama katikati yake nimenyoosha mgongo.

"Ninalo tangi la Mchina," fundi akasema. "Tukilitoboa kidogo hapa linakaa."

"Halikai," nikamwambia.

Lingekaa. Lakini tangi la dukani lingenipa pikipiki tu, na mimi nilitaka safari zangu, na safari zile bila yule mwanamke nyuma ni vumbi na mashimo. Nilimtaka mtani wangu. Sikujua kama bado ni mtani wangu, na njia ya kujua hilo ilikuwa moja tu, kwenda. Kesho yake nikajaza chupa, nikafunga dumu la petroli na kuku mmoja nyuma, nikaondoka.

Nisikudanganye, mpaka natoka mjini nilikuwa nakosea gia. Halafu mwili ukakumbuka. Ruangwa, vijana wa bodaboda walinizunguka wakiitazama ile chupa. "Bi mkubwa, chuma kimewekewa dripu? Kinaumwa?" Nikawaambia ndiyo, na nesi wake ni mimi, pisheni. Walinipigia honi mpaka nikapotea machoni. Baada ya hapo ni vumbi. Nilisimama mara mbili kuongeza petroli kwenye chupa, na ule mlima ambao zamani mtani wangu alikuwa akishuka atembee kwa miguu, niliupanda kwa gia ya kwanza bila kusimama. Loo, nilijisikia! Nilitamani walionistaafisha wanione.

Nilimkuta uani kwake Nambilanje, anapepeta ufuta. Amezeeka, kama mimi. Aliposikia ule mlio alisimama, na nilidhani atapiga kelele. Badala yake aliweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, daktari. Karibu kiti."

Mtani hakupi shikamoo. Mtani hakuletei kiti, mtani hukukuta umeshaingia jikoni kwake unafunua masufuria. Nilikalia kile kiti kama mgeni wa serikali. Nikamkabidhi kuku, akampokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja, sauti ya chini, na mimi nikajibu. Kisha akaingia ndani akatoka na tangi limefungwa kwenye kanga, akaliweka miguuni pangu.

Nilifungua kifuniko. Lilinukia ufuta. Nilitia kidole ndani, kikatoka na mafuta matupu, hakuna hata chembe ya kutu.

"Chuma kikikaa kitupu kinaoza," akasema. "Nililiziba lile tundu, na kila mavuno nilikuwa nabadilisha mafuta."

Miaka kumi na moja! "Nisamehe, ndugu yangu," nikasema. "Siku ile nilikukosea."

"Hakuna kosa, daktari," akajibu kwa adabu ileile, akitazama pembeni, na nikaona nimezidi kuharibu. Radhi huombwa watu baki, si mtani.

Nilivuta pumzi. Niliogopa kuliko nilivyouogopa mlima.

"Mafuta yote haya umelinywesha tangi," nikasema, "na hiyo miguu yako iliyopasuka kama jaruba la kiangazi ulimwachia nani aipake? Kumbe huku Nambilanje umaskini wenu ni wa akili."

Mwanamke aliyekuwa akitwanga nyumba ya pili alisimamisha mchi. Mtani wangu alinigeukia polepole. Alinitazama tangu viatu mpaka helmeti.

"Ndiyo maana mumeo alikufa," akasema. "Mdomo huo kausikiliza miaka thelathini, akaona heri kaburini."

Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye kile kiti chake. Kisha nikalia, na yeye akakaa mavumbini pembeni yangu akalia, huku akiendelea kunitukana.