Maneno Ambayo Mwalimu Alitunyima

Juzi, rafiki yangu, nilipita mtaa wa Mususa, na harufu ya kahawa iliyoanikwa juani ikanisimamisha njiani. Ghala la zamani la kahawa halipo tena. Pamejaa vibanda vya mafundi wa pikipiki.

Wakati wa vita, majeshi ya Uganda yalipokaa mjini mwetu Butembo, kahawa yetu ilivuka mpaka, na wanunuzi wake walisema Kiingereza. Mama yangu aliichambua ghalani humo, akitenga punje mbovu na nzima, mgongo umepinda tangu asubuhi. Ikasemekana kwamba mwanamke atakayeweza kuzungumza na mnunuzi kwa lugha yake atafanywa kapita, msimamizi wa wenzake. Mama aliitamani kazi hiyo kwa moyo wote: kapita hakuinama.

Mwalimu mmoja, aliyeletwa na serikali kutoka Kasai kisha akasahauliwa bila mshahara, alikubali kuwafundisha wachambuzi Kiingereza baada ya kazi. Wanawake walimlisha maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, na viazi vya Musienene. Wakakariri kwa sauti moja, kama kanisani: beba, fagia, harakisha, ndiyo bwana. Nyumbani mama aliyarudia maneno hayo kwa Kiingereza chake akisonga bugali, nami nikimwitikia huku nikipuliza moto. Jirani yetu alicheka hadi machozi: “Muangalie kapita yetu, kesho atatukataza hata kucheka.”

Mnunuzi alipofika, alimwita mama mbele ya gunia lililofunguliwa. Mwalimu akamtafsiria swali: kahawa hii ina kasoro gani? Mama alitia mkono, akanusa, akajua papo hapo. Lakini katika mafunzo yote yale hakupewa neno hata moja la kutaja ubovu, wala la kuuliza, wala la kukataa. Akamwinamia mwalimu, akanong’ona: “Iko na kuvu, Mwalimu. Unipe neno.”

Mwalimu akamgeukia mnunuzi, akalisema neno hilo yeye mwenyewe, kana kwamba pua iliyonusa ilikuwa yake. Jioni ile mwalimu ndiye aliyekuwa kapita.

Mama alimngoja mlangoni. “Ile neno ulikuwa unaijua siku zote?”

“Mais mama,” akaanza taratibu kwa Kifaransa, “lakini hamukuniuliza.”

Nimesomea ualimu, na bado sijui somo gani lingetosha kumjibu mtu yule. Wachambuzi wenzake mama walitawanyika, wengine hadi Beni. Mama yuko hai, na kwa kahawa pua yake haijakosea. Kilichotoweka ni imani yake nyepesi ya zamani, kwamba anayekufundisha anataka uweze.