Gita Ngumu ya Anko

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kununua gita hapa Gatina. Kijana wa duka alibonyeza nyuzi kwa kidole kimoja, akaniambia, "Shosho, anayeanza anapewa gita yenye nyuzi ziko karibu na mbao. Zikikaa juu sana, hata mimi nitalia."

Nikamwambia arudie maneno hayo.

Nilikuwa msichana mdogo wakati mama alimpa Anko, kaka yake, pesa anichagulie gita nzuri kwa fundi mmoja pale mtaa wa Lindi. Kibanda kilinuka gundi, na jirani alikuwa anakaanga omena. Kulikuwa na gita mbili. Anko alipiga ya kwanza, ikaimba tamu. Ya pili nyuzi zilisimama juu kama kamba ya kuanika nguo.

"Hii laini ni ya wazembe," akasema. "Wewe chukua ngumu, ikutengeneze vidole."

Fundi alifungua mdomo, Anko akamkanyaga mguu. Nilidhani ni mchezo wao. Kwa pesa ya mama akachukua zote mbili. Laini akaondoka nayo yeye, mimi nikabeba ngumu nikijiona nimeheshimiwa.

Vidole vilitoka damu mpaka nikaiacha. "Mikono yako ni ya kufua tu," Anko aliniambia, nikamwamini. Nilifua kweli, nguo za watu wa mtaa wa Olympic, mpaka nikajenga ploti ya vyumba vya kukodisha hapa Kawangware. Sioni aibu. Lakini maisha yangu yote nimeambia watu kanisani kwamba Mungu hakunipa mkono wa muziki.

Anko alipokufa nililia kuliko watoto wake. Ningejua, ningeenda mazishini kula tu.