Siku Niliyokataa Kumwachia Barki

Siku yangu ya mwanzo kazini, pale Nizwa, Oman, niliambiwa niingie ndani ya banda la mbwa, nikae humo mpaka nitakapoitwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabiini. Mimi na mama yangu tulikuwa tumetoka Unguja, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani tu: najua kusoma, sijui kuomba maji dukani. Lakini Kiingereza cha skuli nilikuwa nacho, na mwalimu wa kikosi cha mbwa alikuwa Mwingereza asiyejua lugha nyengine. Hiyo ndiyo sifa iliyonipatia kazi. Hakuna aliyeniuliza kama nawaogopa mbwa.

Nilikuwa nawaogopa kupita kiasi. Kwetu Unguja, mbwa akikatiza njiani nilikuwa nikipanda barazani kwa watu nisiowajua. Sasa nikawekwa na mmoja ndani ya chumba cha waya kisichozidi hatua nne, mlango ukafungwa kwa nje.

“Kaa chini,” mwalimu aliniambia kupitia waya. “Usimtazame machoni. Mwache akunuse.”

Nikakaa. Yule mbwa alininusa viatu, magoti, kisha shingo, na pumzi yake ilikuwa ya moto sikioni mwangu. Sijui nilikaa muda gani. Mlango ulipofunguliwa, mwalimu alinishika kifundo cha mkono akasikiliza mapigo.

“Unaogopa,” alisema. “Vyema. Wasioogopa ndio wanaong'atwa usoni.”

Jioni ile mama alinipokea mlangoni na ndoo ya maji na bakuli la udongo. Mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, na moja yake iwe kwa udongo. Alinitilia maji mwenyewe, mara zote saba.

“Seif mwanangu,” akasema, “kazi zote za serikali zimekwisha, imebaki ya mbwa?”

“Imebaki hiyo, mama.”

Ndivyo nilivyoanza. Miaka minne nilikaa Nizwa nikijifunza kazi ya mwongoza mbwa. Asubuhi tulianza kwa utiifu, yaani mbwa kukaa, kulala na kuja kwa neno moja bila ya kurudiwa. Ikifuata kunusa nyayo, ambapo mtu hutangulizwa jangwani na mbwa humfuata kwa harufu. Mwisho kabisa vilikuja viunzi, ambavyo baadaye ndivyo vilivyotuletea balaa. Mbwa alifundishwa kuruka fito, kupita ndani ya bomba la turubai asiloliona mwisho wake, kupanda na kushuka paa la mbao, na kutembea juu ya ubao wa pembea unaoinuka huku na kushuka kule. Mbwa wengi wanauogopa ubao ule, kwa sababu ardhi inaondoka chini ya miguu yao. Mwalimu alitufundisha kwamba mbwa hamwamini mtu kwa maneno. Khofu ya bwana wake hushuka kwenye kamba mpaka ikamfikia shingoni. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa kuificha khofu, na mimi nikawa fundi wa kuificha.

Kutoka Nizwa nikapelekwa Sur, chini ya Mulazim, ndiyo luteni, mtu wa ndani ya nchi hasa, mwembamba, ambaye hakuwa akipaza sauti. Sauti yake ilikuwa inashuka kila alipozidi kukasirika, na sisi tukijua kwamba asiposikika kabisa basi mtu anafungwa. Huko ndiko nilikokabidhiwa Barki, mbwa mweusi mgongoni, rangi ya mchanga tumboni, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili.

“Kanuni moja,” Mulazim alisema, chini chini. “Mbwa akimng'ata mtu wa kikosi, ripoti siku ileile. Ukiificha, wewe na mbwa nyote mtaondoka.”

Barki alikuwa mwepesi kuliko mbwa wote niliowahi kuwashika. Miaka ilipita, nikapata tepe begani, na tulipohamishiwa Ibra tulihama pamoja. Mkuu wetu wa Ibra alikuwa Naqib, ndiyo kapteni. Yeye naye alikulia Unguja, na tulipokuwa peke yetu alisema nami Kiswahili cha mjini, cha kizamani. Tulikuwa katikati ya miaka ya themanini, na Naqib akaleta khabari kwamba vikosi vya Ibra, Sur na Nizwa vitashindana mbio za viunzi za kupokezana.

Mbio zenyewe zilikuwa hivi. Kila kikosi kinatoa watu watatu na mbwa watatu. Wa kwanza anakimbia na mbwa wake viunzi vyote, akirudi anampa wa pili kijiti, wa pili anampa wa tatu. Fito ikianguka au mbwa akikiacha kiunzi, wanaongezewa sekunde. Mahali pa khatari ni pale pa kupokezana. Mbwa mmoja anafika amechemka, mwengine anangoja kwa hamu, na mikono ya watu wawili iko baina yao.

Kwetu wa kwanza alikuwa Hamed, kijana mpole wa Bahla, mtoto wa wafinyanzi. Wa pili alikuwa Nasor. Huyu alizaliwa Tabora, akaja Oman na baba yake, na alikuwa mcheshi, hodari, rafiki yangu wa kweli. Mimi na Barki tulikuwa wa mwisho. Naqib alituambia wazi kwamba wakubwa wanafikiri kukifunga kikosi cha Ibra na kutugawa. “Mkishinda,” alisema, “sitakuwa na haja ya kujieleza kwa mtu.”

Siku tano kabla ya mashindano tulikuwa mazoezini. Nasor alikuja mbio, akaninyooshea kijiti, na Barki kwa papara akaruka akamshika mkono kwa meno, upande wa ndani wa kiwiko. Alimwachia palepale. Lakini jino lilikuwa limeingia, na damu ilikuwa inashuka mpaka vidoleni.

Hamed alikuwa mbali, anakusanya fito. Hakuna aliyeona.

“Nitapeleka ripoti,” nilisema.

“Ripoti ya nini, kaka?” Nasor alikwisha kushusha mkono wa shati. “Watampiga risasi mbwa, timu ife, kikosi kifungwe, kwa tundu dogo hili? Tukaoshe, yaishe.”

Tulikwenda bombani tukaosha kwa sabuni muda mrefu. Nikamfunga kitambaa. Niseme kweli, niliposikia maneno yake nilishukuru.

Siku ya tatu nilipita shamba la mzee mmoja wa pale Ibra, Ami Saleh, ambaye alikuwa akituruhusu kuwapitisha mbwa kwenye mitende yake. Safari hii alitusimamisha mbali, akamtazama Barki.

“Mfunge mbwa wako vizuri,” aliniambia. “Kuna mbweha wanatembea mchana. Hawakimbii watu. Mmoja alimng'ata mbuzi wangu, mbuzi akawa kichaa, anajigonga ukutani mpaka akafa.”

Nikakumbuka jambo. Wiki chache nyuma, tukiwa katika zoezi la kunusa nyayo, mbweha alitoka kwenye mawe saa nne za asubuhi, anayumba, akatujia moja kwa moja. Barki alimuua. Mimi nilimsifu. Nilimwosha damu mdomoni nikaona mkwaruzo mdogo puani, sikuuhesabu kuwa kitu.

Nilirudi kambini nikaifungua kadi yake ya chanjo. Kila mwaka ulikuwa na muhuri, isipokuwa ule. Jokofu la daktari wa mifugo liliharibika, dawa ikamwagwa, tukaambiwa tungoje nyengine. Nilikitazama kile kisanduku kitupu kama anayetazama jina lake limeandikwa pahala pabaya. Wasomaji vijana hawaujui ugonjwa huu vizuri. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, akawa hawezi hata kumeza maji, hakuna daktari atakayemrudisha. Dawa yake ni sindano, na sindano hazina maana mpaka zipigwe mapema.

Nilimweleza Nasor. Alikaa juu ya kreti, akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa chake.

“Barki anakula?”

“Anakula.”

“Anakunywa?”

“Anakunywa.”

“Basi hana kitu. Mashindano keshokutwa, Seif. Tukimaliza tu, nakwenda hospitali mwenyewe. Nakuahidi.”

Nami nikakubali. Nilikubali kwa kuogopa tepe langu, na kumwogopa Naqib, na kuogopa risasi ya Barki. Zilikuwa khofu nyingi, na ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, ya kifo cha rafiki yangu, niliisukuma nyuma kwa sababu ilikuwa mbali zaidi. Siku iliyofuata tulisafiri kwenda Nizwa, kwenye mashindano, mbwa nyuma ya gari, na njia nzima nilikuwa nageuka kusikiliza anavyohema.

Asubuhi ya mashindano nilimwekea Barki maji. Alisogea, akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Nilimwekea tena. Alinitazama, utaya umelegea kidogo, na alipobweka sauti ilikuwa ya mbwa mwengine, ya kukwaruza. Nilijiambia ni joto, ni safari, ni khofu yangu imeshuka kwenye kamba. Nilivaa glavu za ngozi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku moja, nikampeleka uwanjani.

Watu walikuwa wengi, wamekaa chini ya turubai, wakubwa mbele kwenye viti. Sur walikwisha kukimbia, na Nizwa pia. Hamed akaenda vizuri, hakuangusha fito hata moja. Nasor akapokea, akaondoka kama upepo, mbwa wake akapita bomba, akapanda paa, akashuka ubao wa pembea bila ya kusita. Nikasikia watu wananong'ona kwamba Ibra wako mbele.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari, kamba imezunguka mkono wangu mara mbili. Barki alikuwa anatetemeka miguu ya nyuma. Uzi wa mate ulikuwa unaning'inia kutoka mdomoni mwake mpaka mchangani. Nasor alikuwa anakuja, mkono umenyooka, mkono uleule, kijiti kiko mbele, na Barki akaanza kukitazama kile kijiti.

Nilirudi nyuma. Nikamvuta Barki hatua kumi, kumi na tano, nikamlaza chini nikamkanyagia kamba.

“Usije,” nilimwambia Nasor. “Kaa hukohuko.”

“Pokea, Seif.” Alikuwa amesimama mstarini, anahema, haamini. “Pokea, bwana, tumeshinda hii. Pokea.”

Sikupokea. Watu wakaanza kucheka. Naqib aliinuka kwenye kiti chake akaja kwa mguu kukatiza uwanja wote ule, na wakubwa zake wanamtazama mgongo.

“Una nini?” aliniuliza kwa Kiswahili.

“Sidi, usisogee. Mbwa huyu nadhani ana kichaa. Amemng'ata Nasor.”

“Lini?”

“Leo siku ya tano.”

Alimtazama Nasor, na Nasor akatazama chini. Kisha Naqib akapandisha mkono wa shati la Nasor yeye mwenyewe, akaona kitambaa. Alifanya mambo upesi sana baada ya hapo. Gari likaja, Nasor akatiwa ndani pamoja nami, kwa kuwa nami nilikuwa na michubuko vidoleni na mate yale nimeyashika siku zote. Njia nzima ya kwenda hospitali Nasor aliutia uso wake dirishani, na nilijua analilia mbio.

Barki alifungiwa peke yake. Siku ya tatu miguu ya nyuma ilikufa. Daktari wa mifugo aliniruhusu nisimame mbali, nyuma ya waya wa pili. Nilimwita jina lake, akageuza masikio, hakuweza kugeuza kichwa. Daktari akammaliza kwa sindano, wakapeleka kipimo, na jibu likarudi kwamba kilikuwa ni kichaa.

Sisi tulipigwa sindano zote. Lakini sindano hazikuondoa khofu, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kulala mwilini miezi. Nasor alipokuwa akishika gilasi, mimi nilikuwa namtazama koo. Nikiona maji yameshuka, naweza kula. Naye alikuwa akinitazama vilevile. Hatukuwahi kuambizana. Tulikunywa maji kila mmoja mbele ya mwenzake karibu mwaka mzima.

Naqib aliniita ofisini baada ya wiki tatu. Tepe langu lilikuwa juu ya meza, lishakatwa.

“Watu wanasema umemwokoa mwenzako,” alisema. “Mimi sisemi hivyo. Ungesema siku ya kwanza, ningekwambia ahsante. Umenyamaza siku nne, ukasema ya tano. Nenda kazini.”

Kikosi cha Ibra hakikufungwa, kwa sababu nisizozijua. Niliendelea na kazi miaka mingi, Nizwa tena, chini ya wakuu wengine. Nilifundisha vijana wengi viunzi na kupokezana. Wengi wananikumbuka kwa ukali wangu juu ya kadi za chanjo, na naona wakinicheka kwa siri. Sikuwaeleza. Tepe nilirudishiwa baadaye, na nilistaafu nikiwa nalo, kwa sherehe ndogo ya halua na kahawa.

Nasor yuko Ibra, ana wajukuu, na kila Idi huja na watoto wake kunitembelea. Mwaka jana tulibaki wawili barazani, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

“Seif, niambie kweli. Siku ile Barki angekunywa maji asubuhi, ungepokea kijiti?”

Nilitaka kumwambia hapana. Nina umri wa kutosha kusema uongo mdogo kwa rafiki.

“Ningepokea,” nilisema.

Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyelijua jibu tangu zamani na ametaka tu kulisikia kwa sauti yangu.

“Na mimi ningekupa,” alisema, akaniomba nimmiminie kahawa.