Rangi ya Utomvu

Jirani yangu hapa Igoma, nesi mstaafu aliyetokea Bukoba, anajifunza kusokota uzi wa pamba. Si biashara, ameamua tu. Kila jioni hukaa barazani, kiroba cha pamba ya Usagara miguuni, na mkononi kijiti chenye kifuniko cha soda, kinachozunguka kama pia. Vidole ni vile vile vya wodini: kucha fupi, havina haraka. Mwanzoni uzi ulitoka mnene kama kamba ya mbuzi, siku hizi umeanza kutii. Ukikatika, hulowesha vidole kwa mate, huuunga, kisha huuambia "pole" kwa sauti aliyokuwa akiitumia alipowachoma watu sindano. Rangi ndiyo inayomtesa. Kachemsha maganda ya vitunguu, majani ya chai, hata udongo mwekundu. Huanika uzi kambani, huutazama, hutikisa kichwa.

Jumamosi nilimkuta akimenya ndizi za kupika. Hakuwa amejipaka mikononi mafuta ya kuzuia utomvu usigande, na kila utomvu ulipotoka aliupaka kwenye uzi mweupe.

"Shikamoo mama. Huo utomvu hautoki hata kwa jiki."

"Marahaba. Ndiyo maana nautaka." Akaunyanyua uzi juani, ulishaanza kugeuka kahawia. "Gauni la mama la jikoni lilikuwa na doa la rangi hii hapa," akajigusa kifuani. "Tulimzika na la kanisani. Lile la jikoni tukalifanya tambara."

Akauvuta uzi auone vizuri, ukakatika. Hakulowesha vidole.

"Pole, mama," nikasema mimi.