Ndege Aliowaacha Salma

Mwaka 2004, nikiwa na miaka ishirini na tisa, duka langu la Makambako liliungua lote, na shida ikanisukuma mpaka Guangzhou, China. Nakumbuka vizuri mchana ule moyo wangu ulipoharibika, mwanangu. Nilikuwa nimekaa katika ofisi ya Dada Salma, pale mtaa wa Guangyuan Xilu.

Salma ni mtu wa Tanga. Ndiye aliyenipokea, akanionyesha masoko, akanipa na ufunguo wa ofisi yake. Mimi darasa la nne sikumaliza. Kichina nimejifunzia kwenye kubeba marobota. Nilimshukuru, ndiyo, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa namwonea wivu kwa wateja wake.

Alikuwa na kitabu cha picha za Kijapani, zile za zamani zinazochongwa kwenye ubao, kila rangi na ubao wake, kisha karatasi inagandamizwa juu. Ndege watupu: mdiria juu ya maua ya majini, shomoro kwenye mianzi yenye theluji, korongo amesimama mvuani. Ndege mmoja, tawi moja, karatasi iliyobaki imeachwa wazi. Kutoka humo Salma alichapisha shungi, nguo wanazojifunika wanawake wa Kiislamu wakiswali, na Kariakoo ziligombewa. Kizuri chajiuza. Mimi fulana zangu nilizitembeza mpaka soli zikaisha.

Cha ajabu, shungi zake zilikuwa na matawi, maua na mvua tu. Ndege kawaacha. Nikamcheka kimoyomoyo: huyu kanywa mchuzi, nyama kaimwaga.

Basi mchana ule akaniambia, "Kaka Yona, niangalizie ofisi, naenda kuswali adhuhuri."

Hata ngazini hajafika, kitabu nilishakibeba, nikashuka kwa mlango wa nyuma kutoa kopi za rangi, nikakirudisha kabla hajamaliza kuswali. Hasidi hana sababu, mwanangu, ila miguu anayo.

Kesho yake nikaenda Kangle, kwenye karakana ileile aliyochapishia Salma. Laobani wake, ndivyo tunavyowaita mabosi huku, alikuwa mama mmoja aliyejua Kiswahili cha soko.

"Salma anasema toa ndege," akaniambia. "Wewe?"

"Weka wote. Wakubwa, na macho yaonekane."

"Rafiki, uliza Salma kwanza."

"Salma ni mama yangu?"

Akacheka, akaandika.

Mzigo ulipofika Kariakoo nami nilikuwapo. Nikaupeleka kwa Bi Zuhura, mteja mkubwa wa Salma, shingo nimeinyoosha kama jogoo. Akakunjua shungi moja, akaitazama, akawaita wenzake.

"Njooni muone! Nikisujudu, korongo ananichungulia!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Yona, sisi hatuswali na picha ya kiumbe chenye roho. Salma hakukwambia?"

"Sikumwuliza."

Kicheko kikamkatika. "Kwani picha hizi umezitoa wapi?"

Nikaanza kuzikunja shungi zangu.

"Umemwibia mtu ambaye ungemwomba angekupa, na mafunzo juu yake. Kamwambie mwenyewe, kabla sijamwambia mimi."

Shungi zile ziliishia bara, zikawa mapazia ya baa. Nami nikarudi Guangzhou, nikamwambia Salma. Hakunipigia kelele. Alinyoosha mkono, nikamwekea ufunguo kiganjani.

"Kitabu ungekiazima tu, Yona," akasema, akaendelea kufunga robota.

Toka siku hiyo hajaniita kaka.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Juzi nimemwona Zhanqian Road, wateja wamemzunguka, kifua kikaniwaka kama cha kijana. Wivu hauoti mvi. Lakini sikiliza nikuambie: mwenzako akikushinda, nenda ukamwulize anafanyaje, na anachokiacha anakiachia nini. Kuuliza si ujinga. Utaona aibu dakika moja. Mimi nimeiona miaka ishirini. Na aliyekufungulia mlango wake, usimpekue.

Leo nina nyumba mbili Makambako, lori moja, ghala Kariakoo, ofisi yangu mwenyewe Guangyuan Xilu, na watoto wanne waliosoma kunizidi. Vyote nimevitafuta kwa mikono hii na sioni haya kujisifu. Rafiki kama Salma sijampata tena.

Wewe Mungu akupe wa kwako, mwanangu, na akupe moyo wa kumtunza.