Mizunguko ya Leonia

Zamani dagaa wa Katonga walianikwa mchangani, na ukipita ulijua hapa kaanika nani kwa kuuona mkono wake tu. Siku hizi wanaanikwa kwenye vichanja vya waya, vyote urefu mmoja na upana mmoja, kama makaburi ya wanajeshi. Watu wanasifu kwamba dagaa sasa hawana mchanga. Ni kweli. Mimi hata ule mchanga menoni ninaukumbuka.

Leonia, aliyeolewa huku kutoka Mwamgongo, ndiye pekee aliyekataa kunyooka. Mchangani alikuwa akianika kwa mizunguko, mmoja ndani ya mwingine, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Alipohamia kichanjani aliendelea vilevile, akiacha mapengo katikati. Wema, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waanikaji, akamjia juu.

"Mama Thobias, wenzako wanasubiri nafasi, wewe unachora! Nikikuta pengo tena, kichanja hiki nampa mwingine."

"Jamani, mwenyekiti, nimeanika tu."

"Umeanika maua! Mnunuzi wa Kongo atakula maua?"

Nikaingilia. Mambo ya sanaa nimejisomea mwenyewe, bila mwalimu. Nikawaambia sanaa ni kile ambacho mtu anakiongeza ingawa kazi ingekwisha bila hicho.

"Basi na chumvi ni sanaa, mzee Khalfani!" akapaza sauti mmoja wa waanikaji, na wote wakacheka wakishika mbavu. Leonia alicheka kuwapita.

Lakini wenzake walipoondoka alinigeukia. "Kichanja kikienda, mzee, nimekwisha, narudi kijijini. Ila nikianika kama mtu anayepaka chokaa ukutani, mkono unachoka kabla ya ndoo kwisha."

Kesho yake alikijaza kichanja chote, waya usionekane. Wema akaja kukagua, akainama huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi moyo ukaniuma. Nikasema, na huyu naye wamemnyoosha.

Ndipo jua likapanda juu ya milima na kuwapiga wale dagaa ubavuni. Mizunguko ikatokea! Leonia alikuwa amewalaza kwa kiganja, hapa vichwa kuelekea ziwani, pale kuelekea milimani, hawa wakang'aa na wale wakafifia. Pengo hata moja halikuwapo.

Vigelegele vilisikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Mjanja wewe!" akasema Wema, mkono kiunoni. "Haya, kaa na kichanja chako."

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi ile mwanangu aliponihamishia kwake Katubuka, mbali na harufu ya ziwa. Nilipita kuaga. Wema alikuwa ameinamia kichanja chake mwenyewe, akilaza dagaa kwa kiganja, na mizunguko yake imepinda kama machungwa yaliyokaliwa.

"Legeza mkono, mwenyekiti!" Leonia alikuwa akimfokea. "Unawalaza, hukandi unga!"

Wema akainua uso, jasho linamtoka. "Mzee Khalfani, na hii yangu ni sanaa?"

Niliitazama vizuri, nikamwambia ukweli: bado.

Leonia alicheka mpaka akakaa chini mchangani.